Chakula cha Chupa: Pika Jumapili, Ule hadi Jumatano Bila Kuchacha

Malalamiko ya wanaohifadhi mlo kwenye chupa za kioo ni yaleyale. Maharage yamechacha siku ya pili. Chupa imepasuka wakati wa kumimina. Wali umekauka, saladi imelowa na kunyauka. Na karibu kila anayenieleza humalizia hivi: "Lakini dada, mfuniko niliukaza kabisa."

Tatizo liko hapohapo. Mfuniko hauhifadhi chakula. Unazuia inzi, vumbi na harufu ya kitunguu isienee kwenye friji, basi. Kinachohifadhi ni ubaridi, tena ubaridi uliowahi. Chakula kikikaa vuguvugu masaa matatu kabla ya kuingia friji, hata ukaze mfuniko kwa koleo, kimeshaharibika.

Na hapa Mbeya tuna imani nyingine inayotuponza: kwamba baridi yetu ni friji tosha. Juni na Julai watu wanapanga chupa dirishani. Ni kweli usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, lakini mchana jua likishapanda juu ya mlima Loleza hufika nyuzi 20 na zaidi. Vijidudu vya chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Dirisha lako liko ndani ya eneo hilo karibu siku nzima.

Mwongozo huu ni wa chupa sita: watu wawili, mlo wa mchana, Jumatatu hadi Jumatano. Ukishauweza, chupa za aina nyingine zitakuwa rahisi.

## Vitu vya kuandaa

Vyombo:

- Chupa sita za kioo zenye mdomo mpana, za nusu lita. Za asali au jamu zinafaa. Mkono au kijiko kikubwa lazima kiingie, la sivyo hutaweza kuziosha.
- Mifuniko isiyo na kutu, yenye mpira wa ndani usiochanika.
- Beseni kubwa, sinia pana mbili, sufuria mbili pana.
- Taulo au kitambaa kizito, na kibao cha kukatia.
- Plasta ya karatasi na kalamu ya kuandikia tarehe.

Chakula:

- Maharage ya njano, nusu kilo
- Mchele, nusu kilo. Mimi natumia wa Kyela, lakini wa Mbarali nao hauna neno
- Kabichi ndogo moja, karoti tatu
- Vitunguu viwili, nyanya nne, hoho moja
- Mafuta ya alizeti, chumvi, tangawizi ukipenda

Nasisitiza maharage ya njano kwa sababu huiva haraka, na kwetu huku suala la kuiva ni kubwa. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana shangazi akitoka Pwani hushangaa kuona maharage yako jikoni tangu asubuhi. Mwenye presha kuka ailete, leo ndiyo siku yake.

## Hatua ya 1: Kagua chupa, kisha osha (Jumamosi)

Pitisha kidole polepole kwenye mdomo wa kila chupa. Ukihisi mkwaruzo au pengo dogo, hiyo chupa iweke maua. Kisha iinue kwenye mwanga utazame kama ina mstari mwembamba unaometa ndani ya kioo. Huo ni ufa, na ndio utakaopasuka siku ukiweka kitu cha moto.

Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, zipindue juu ya kitambaa safi zikauke zenyewe. Usizifute ndani kwa taulo la jikoni. Taulo hilo limeshafuta mengi.

Kwa chakula cha friji, kuosha hivyo kunatosha. Chupa iliyokuwa na achari au iliyokaa stoo muda mrefu ndiyo ya kuchemsha: tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, mimina maji ya baridi, kisha washa moto. Yakishachemka hesabu dakika 15. Ukizitumbukiza kwenye maji yanayotokota tayari, zitapasuka.

Umefanikiwa ikiwa: chupa ni kavu kabisa, na ukinusa mfuniko huwezi kujua zamani ulifunika nini. Mfuniko ukinuka achari, ulaze usiku kucha kwenye maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea.

## Hatua ya 2: Loweka na upike maharage

Jumamosi usiku chagua mawe, osha, loweka kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo. Usiyapikie.

Chemsha kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo bila kufunika sana, kisha endelea hadi yaive kabisa. Hizo dakika 10 zina maana yake: maharage mabichi, hasa mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na moto mdogo hauiondoi. Harage lisiloiva usilitie kwenye chupa kwa matumaini kwamba litaiva ukilipasha.

Chumvi na nyanya ziingie baada ya maharage kulainika. Nyanya ina ukali unaochelewesha kuiva, na huku milimani hatuna muda wa kupoteza.

Kaanga kitunguu, hoho na nyanya pembeni, unganisha, acha mchuzi uwe mzito. Mchuzi mwepesi hupanda kwenye wali na kuugeuza uji.

Umefanikiwa ikiwa: ukiliminya harage kati ya ulimi na kaakaa linapondeka bila jino, lakini kwenye upawa bado ni zima.

## Hatua ya 3: Pika wali na kabichi

Wali upike kama siku zote, ila punguza maji kidogo ili punje ziachane. Kabichi ikate nyembamba pamoja na karoti, itie kwenye mafuta ya moto, geuza dakika tatu tu, epua. Iache na mlio chini ya jino. Itaiva zaidi siku ya kupashwa.

Mchicha na chainizi siviweki kwenye chupa za mlo huu. Vinatoa maji mengi na siku ya pili vinageuka rangi.

## Hatua ya 4: Poza. Hapa ndipo wengi wanaharibu

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kuharibu.

Mara yangu ya kwanza nilimaliza kupika saa tatu usiku. Nilikuwa nimechoka. Nikajaza chupa tano zikiwa za moto, nikakaza mifuniko, nikazipanga mezani zipoe taratibu, nikaenda kulala. Asubuhi nikaziingiza friji. Jumanne mchana nikafungua moja: ikatoa pumzi, psii, kama soda. Kati ya maharage kulikuwa na povu jeupe jembamba, na harufu ilikuwa ya togwa lililopitiliza. Nikafungua ya pili, ya tatu. Zote. Nusu kilo ya maharage na mchele wa Kyela vikaenda jalalani.

Kilichotokea ni hiki. Chupa nene iliyojaa chakula cha moto hupoa polepole sana katikati. Mvuke hauna pa kutokea, unagota kwenye mfuniko, unakuwa matone, matone yanarudi kudondokea chakula. Usiku mzima ule maharage yangu yalikuwa na joto la kupendeza vijidudu.

Basi chakula kipozwe nje ya chupa, tena kwa haraka. Hivi:

Wali. Ukiiva tu, umwage kwenye sinia mbili, utandaze usizidi unene wa kidole kimoja. Funika kwa chandarua cha vyakula au kitambaa chepesi kisichougusa. Geuza baada ya dakika kumi. Kwa hewa yetu ya huku, ndani ya nusu saa umepoa. Usizidishe saa moja.

Wali ndio unaonitia hofu kuliko maharage. Una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha hadi uungue. Kwa hiyo wali uliolala mezani usiseme "nitaupasha vizuri".

Maharage. Gawa kwenye sufuria mbili pana. Jaza beseni maji ya baridi ya bomba, tumbukiza sufuria hadi maji yafikie usawa wa maharage. Koroga kila baada ya dakika chache, kwa sababu ya pembeni yanapoa na ya katikati yanabaki ya moto. Maji ya beseni yakipata uvuguvugu, mwaga, weka mengine. Mara mbili au tatu zinatosha. Sufuria ya alumini inapitisha joto upesi, hivyo kazi yote ni dakika 20 hadi 30. Mama mwenye kisima anaweza kutumia maji ya kisima. Nayo ni ya baridi.

Maji hayo ya beseni yasirukie ndani ya chakula.

Onyo: usijaribu njia ya mkato ya kujaza chupa chakula cha moto kisha kuitia kwenye beseni la maji baridi. Kioo cha ndani kinatanuka, cha nje kinasinyaa, na chupa inaachia kitako chote kwa mara moja. Hata kuiweka tu juu ya sakafu ya sementi au vigae asubuhi ya Julai kunatosha kuipasua. Kila mara iwe juu ya kibao au taulo.

Umefanikiwa ikiwa: ukishika ubavu wa sufuria kwa kiganja unahisi ubaridi na siyo uvuguvugu, na ukipitisha mkono juu ya wali hakuna mvuke unaogusa ngozi. Tangu kuepua hadi kuingia friji visizidi masaa mawili. Anza kupika saa nane mchana ili uchovu wa usiku usikukute katikati.

## Hatua ya 5: Jaza

Nawa mikono, tumia kijiko safi, siyo kile ulichoonjea.

Maharage chini, kabichi katikati, wali juu. Mpangilio huu siyo wa urembo. Maharage yana mchuzi, kabichi inakaa kama godoro, wali unabaki mkavu. Ukianza na wali chini utaukuta umenyonya kila kitu.

Usishindilie. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, maana tone la mchuzi likikauka pale mfuniko haukai sawa. Funga kwa nguvu ya mkono wa kawaida.

Bandika plasta uandike siku ya kupikwa. Usitegemee kumbukumbu, kufika Jumatano chupa zote zinafanana.

## Hatua ya 6: Friji, na chupa za Jumatano

Weka rafu za katikati au chini, kuelekea nyuma. Mlangoni pana joto kila unapofungua. Acha upenyo kati ya chupa na chupa ili hewa ya baridi izunguke. Friji liwe nyuzi 4 au chini yake. Kama una kipimajoto kidogo, kiweke ndani ya glasi ya maji ukisome asubuhi.

Chakula kilichopikwa na kupozwa vizuri hudumu siku tatu hadi nne. Lakini kwa sababu ya wali, chupa mbili za Jumatano mimi nazipeleka friza, nazirudisha friji Jumanne usiku ziyeyuke taratibu. Chupa ya friza iwe imenyooka kutoka chini hadi juu, isiyo na mabega, na nafasi ya juu iwe vidole vitatu. Chakula kikiganda kinatanuka, na chupa yenye mabega haina pa kukipisha.

Huna friza? Chupa ya Jumatano iwe na maharage na kabichi peke yake. Wali wa siku hiyo upike asubuhi.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Likibaki limefungwa hutunza ubaridi kama masaa manne. Friza iliyojaa hufika siku mbili isipofunguliwa. Zaidi ya hapo, kilichopata uvuguvugu kitupe.

## Hatua ya 7: Kubeba na kupasha

Chupa iliyotoka friji usiiweke kwenye moto. Mimina chakula kwenye sufuria, nyunyiza kijiko kimoja au viwili vya maji juu ya wali, funika, pasha hadi mvuke utoke katikati na siyo pembeni tu. Wali uliopoa hukakamaa. Yale maji kidogo ndiyo yanaurudisha.

Kazini kukiwa na maikrowevu, toa kwanza mfuniko wa chuma, acha chupa ipunguze ubaridi dakika chache, pasha kwa moto wa wastani, koroga katikati ya muda.

Wengi hapa hatuna maikrowevu kazini. Ukitoka Uyole saa kumi na mbili kwenda mjini na kula saa saba, chupa imekaa masaa saba mkobani. Una njia mbili. Ya kwanza, pasha asubuhi hadi kichemke, kisha weka kwenye hotpoti uliyoitangulizia maji ya moto dakika tano. Ya pili, igandishe chupa ya plastiki ya maji usiku, asubuhi ziviringishe pamoja na chupa ya chakula ndani ya khanga, kisha kwenye kikapu. Hii ya pili naipenda zaidi kwa saladi.

Kilichopashwa hakirudi friji. Kula, kilichobaki mwaga.

## Saladi ya tabaka

Watu wanakosea kitu kimoja tu: wanamimina limau na mafuta juu. Majani yanalowa na kulala. Geuza mpangilio.

Chini kabisa weka kijiko kimoja cha maji ya limau, viwili vya mafuta ya alizeti na chumvi. Fuata karoti na hoho, ambazo zikilowa ndiyo zinanoga. Kisha maharage yaliyopozwa, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, na majani ya saladi juu. Nyanya iondoe mbegu na ute. Parachichi likate siku ya kula, maana likilala linakuwa jeusi, na kwa mtu anayeishi jirani na Rungwe, kunakolimwa maparachichi, hakuna sababu ya kula parachichi jeusi.

Mboga mbichi zioshe mojamoja kwa maji safi na salama, kisha zikaushe kabisa. Tone lililobaki kwenye jani ndilo linaloozesha. Wakati wa kula, pindua chupa kwenye sahani. Limau linashuka lenyewe. Siku tatu, siyo zaidi.

## Oti za asubuhi

Nusu kikombe cha oti, nusu kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, robo kikombe cha mtindi, kijiko cha asali. Koroga, funga, ulaze kwenye friji. Asubuhi ongeza ndizi, pasheni au tufaha la Makete, na karanga zilizokaangwa. Karanga zisilale humo, zinalainika. Maziwa mabichi ya kununua mtaani lazima yachemke kwanza, hata kama ng'ombe unamjua.

## Usifanye hivi

Usifunge maharage, nyama au mboga kwenye chupa, ukachemsha chupa hiyo, kisha ukaiweka kabatini kwa wiki kadhaa. Kuna kijidudu kinachopenda chupa iliyokosa hewa, na sumu yake inaua. Mbegu zake zinahitaji nyuzi 121 ili zife, joto linalopatikana kwa mvuke wa presha pekee. Sufuria yetu ya nyuzi 94 haifiki huko hata ukichemsha kutwa. Sumu yenyewe inaweza isiwe na harufu wala ladha. Hali kadhalika vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta: friji tu, siku chache tu.

## Kama huna friji

Tumia chupa kavu. Chagua mawe kwenye kikombe kimoja cha mchele na nusu kikombe cha choroko, anika juani saa moja ili unyevu uishe, acha vipoe. Weka choroko chini, mchele juu, kisha kijiko cha binzari, nusu kijiko cha bizari nyembamba na chumvi ndani ya kijikaratasi kilichokunjwa. Chupa na mfuniko viwe vikavu kama karatasi hiyo.

Hii inakaa kabatini miezi miwili bila wasiwasi. Siku ukirudi umechoka, toa kijikaratasi, osha choroko na mchele pamoja, kaanga kitunguu, tia viungo, mimina vikombe vinne vya maji na ufunike. Choroko haihitaji kulowekwa. Kwa moto wa mkaa wa wastani, jioni ya Mbeya, ni dakika 40 hadi 50.